Mabingobingo: Kutoka Uzio wa Kabaka Hadi Hori la Ng'ombe

Mnyarwanda huyaita urubingo. Mrundi husema ibibingobingo, na Mnyankole wa magharibi mwa Uganda husema ebibingo. Mfugaji wa Kagera, Kilimanjaro au Tanga atakuambia mabingobingo. Huhitaji kuwa mwanaisimu kusikia kwamba majina haya ni ya ukoo mmoja, na jina lililoenea hivyo kutoka kilima hadi kilima halikuletwa na bwana shamba wala mradi wa wafadhili. Lilikuwepo siku nyingi, kwa sababu majani yenyewe yalikuwepo.

Naanza na jina kwa makusudi. Kenya jina lililoshika ni nepia, na hata Tanzania wako wengi wanaoamini kwamba haya ni majani ya kigeni yaliyoingia pamoja na ng'ombe wa kisasa. Sivyo. Yule ng'ombe mweusi na mweupe aliyefungiwa bandani ndiye mgeni. Majani anayotafuna ni wenyeji.

Kwao ni Afrika ya tropiki, katika ukanda wenye mvua unaoanzia magharibi mwa bara hadi kuzunguka Ziwa Victoria. Huota kando ya mito, pembezoni mwa mabonde, na mahali msitu ulipofyekwa ukaacha udongo wenye kina na unyevu. Yanataka mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka ili yastawi, ingawa mizizi yake mirefu huyasaidia kuvuka kiangazi. Maji yaliyotuama hayayapendi. Yakiachwa bila kukatwa hufika mita tatu au nne, na penye rutuba hasa hupita hapo, kiasi kwamba tembo akiingia ndani humwoni. Ndiyo maana huitwa pia majani ya tembo. Wengine huyachanganya na matete ya ziwani, lakini aliyewahi kuyakata hayachanganyi na kitu: ukingo wa jani hukwaruza ngozi, na ala inayokumbatia shina ina vinyweleo vinavyoingia shingoni na kuwasha mpaka ukaoge. Wanaojua hujifunga kitenge mabegani kabla ya kuubeba mzigo.

Watu wa kwanza kuyaheshimu hawakuyaheshimu kwa ajili ya ng'ombe. Waganda huyaita ebisagazi, na kwao yalikuwa kipimo cha ardhi. Mtu aliyetafuta mahali pa kuanzisha mgomba alitazama ebisagazi vimeota vipi: vilipokuwa virefu, vinene na vya kijani kibichi, hapo palikuwa na udongo wa kulisha ukoo. Shamba lililochoka liliachwa lirudiwe na majani hayo kwa miaka kadhaa, kisha likalimwa tena. Karne ya 20 watafiti wa kituo cha Kawanda, kaskazini mwa Kampala, walifanya majaribio ya kupumzisha ardhi chini ya majani haya, wakathibitisha kwamba mizizi yake huirudishia ardhi umbile na rutuba. Wakulima walikuwa wakifanya hivyo kabla kituo hakijajengwa.

Shina lililokomaa lina jina lake la pekee: olumuli, na yakiwa mengi ni emmuli. Shina changa halifai kujengea. Linaachwa kusimama mpaka ligeuke gumu na la manjano, linavuliwa majani, kisha mashina hupangwa bega kwa bega na kufungwa kwa kamba za porini. Kwa mikono ya fundi, kutoka katika kitu ambacho mgeni angekiona ni magugu, hutokea uzio ulionyooka, unaong'aa juani, wenye mistari ya vifungo iliyolingana kama mshono. Ua la chifu lililozungushiwa uzio huo liliitwa ekisaakaate, na watoto wa wakubwa walipelekwa humo kulelewa na kufunzwa adabu na uongozi. Neno hilo bado linatumika Uganda kwa kambi za kufunza vijana mila.

Februari 1862 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, akitokea Karagwe kwa Mfalme Rumanika, alifika makao makuu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa I. Aliyoyaandika kuhusu siku hiyo yanaonyesha mtu aliyeduwaa: kilima kizima kimefunikwa nyumba kubwa za nyasi, na baina yake nyua juu ya nyua za mashina marefu ya manjano. Ilibidi kupita lango moja baada ya jingine, kila lango na walinzi wake, kabla ya kumwona mfalme. Speke hakuwa mgeni wa kwanza kupita hapo. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamefika Buganda tangu miaka ya 1840, enzi za Kabaka Suna II, na Kiswahili kilisikika barazani kwa Mutesa mwenyewe. Hata hivyo maelezo ya Speke yametufaa, maana kwa jicho la mgeni tunaona jambo ambalo mwenyeji hakuwa na sababu ya kuliandika: kwamba dola lile lilijengwa kwa majani.

Nasema dola kwa maana kamili. Uzio wa Kabaka haukuwa kazi ya mafundi wachache wa kulipwa. Uligawanywa vipande, na kila chifu wa jimbo alikabidhiwa kipande chake. Yeye na watu wake walileta emmuli kutoka kwao, wakakijenga na kukitunza. Mashina huoza, mchwa hula, mvua huangusha, kwa hiyo kazi ilirudi kila baada ya muda. Chifu aliyeacha kipande chake kilegee alikuwa ametangaza mbele ya wote kwamba utii wake umelegea. Mtu aliyezunguka ikulu kwa miguu alikuwa anazunguka nchi nzima, jimbo baada ya jimbo.

Kumbukumbu ya ustadi huo ipo Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya wafalme. Nyumba kuu iliyojengwa 1882 kama ikulu ya Mutesa iligeuka kaburi lake alipofariki 1884. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tarehe 16 Machi 2010 moto ukaiteketeza. Ujenzi mpya ulichukua miaka mingi, kwa sababu haukuwa suala la fedha tu. Ilibidi kuwapata wanaojua ni nyasi gani za kuezekea, ni mashina gani, yakatwe lini, yafungwe vipi. Septemba 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Sasa tuje kwa jina la pili, nepia. Mwanabotania Heinrich Schumacher wa Denmark aliyaelezea majani haya kitaalamu mwaka 1827, kutokana na mimea iliyokusanywa na Peter Thonning kwenye pwani ya Ghana ya leo. Akayaita Pennisetum purpureum, kwa rangi ya zambarau inayoonekana katika suke. Siku hizi wataalamu wameyahamishia jenasi nyingine na kuyaita Cenchrus purpureus. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kanali Napier wa Bulawayo, katika Rhodesia ya wakati huo, aliihimiza idara ya kilimo iyajaribu kama chakula cha mifugo. Majaribio yakafaulu, na jina lake likabandikwa juu ya majani yaliyokuwa yakiota Afrika kabla ya Bulawayo kuwa mji. Kutoka kusini mwa Afrika yakasafiri upesi: mwaka 1913 yaliingia Marekani, na baadaye Australia, Asia na Amerika ya Kusini. Huko kwingine imeshindikana kuyazuia. Florida na Hawaii yanahesabiwa kuwa gugu vamizi.

Kenya ya walowezi iliyapokea kwanza kwa kazi mbili ambazo ng'ombe hakuwemo. Mashamba makubwa ya kahawa yaliyapanda ili yakatwe na kutandazwa chini ya mibuni, kuhifadhi unyevu. Na maofisa wa kilimo waliyapendekeza kushika kingo za matuta kwenye miteremko, kwa vile mizizi yake hufuma udongo ukashikamana. Wabelgiji nao Ruanda-Urundi, katika miaka ya 1940 na 1950, waliwalazimisha wakulima kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko na kupanda majani ya aina hii kando yake.

Hapo historia inakuwa chungu. Kazi ya matuta nchini Kenya ilikuwa ya shuruti, na nguvu iliyotumika ilikuwa hasa ya wanawake. Murang'a, mwaka 1947, watu walichoka, na katika mkutano mkubwa wa Julai ikatangazwa kwamba wanawake hawatachimba matuta tena. Serikali ya kikoloni ililiona jambo hilo kuwa ujinga wa watu wasiojua faida ya udongo wao. Lakini mtu aliyechimba tuta Jumatatu na Jumanne kwa amri ya chifu, kisha hakuruhusiwa kupanda kahawa juu ya tuta hilo wala kufuga ng'ombe wa maziwa wa aina ile ya mlowezi, faida gani angeiona? Udongo ulihifadhiwa kwa jasho lake, na mazao ya bei nzuri yakabaki ya mwingine.

Mambo yaligeuka 1954. Vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, Roger Swynnerton wa idara ya kilimo aliandika mpango wa kuwapa wakulima Waafrika hati za ardhi, ruhusa pana ya kulima kahawa, chai na pareto, na nafasi ya kufuga ng'ombe wa gredi. Nia yake haikuwa safi. Mpango ulilenga kuunda tabaka la wakulima wenye mali ambao wangeogopa mapinduzi, na ardhi ya waliokuwa vizuizini ilipimwa wenyewe hawapo. Hilo lisisahaulike. Lakini angalia kilichotokea kwenye matuta. Wakulima wale wale waliokataa jembe la shuruti walianza kupanda nepia kwa hiari, mstari kwa mstari, kwenye kingo zile zile, kwa sababu sasa bandani alikuwepo mnyama wa kuyala na kopo la maziwa asubuhi. Wakikuyu wakayaita thaara, na baada ya uhuru wa 1963 hukupata boma katikati ya Kenya lisilo na kipande chake.

Mashamba yalipozidi kugawanywa kati ya watoto, na baadaye wajukuu, malisho ya wazi yalikwisha. Ng'ombe hakuweza tena kwenda kwenye majani, kwa hiyo majani yakaanza kwenda kwa ng'ombe. Kuanzia 1980 mradi wa kitaifa wa maziwa nchini Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ulieneza mfumo wa kufugia bandani wilaya kwa wilaya. Tanzania njia ilikuwa ile ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, na ndama jike wa kwanza unampa jirani. Rwanda ilianzisha Girinka mwaka 2006, ng'ombe mmoja kwa kaya maskini. Katika miradi hii yote, mtu alitakiwa awe na majani shambani kwanza, ng'ombe afuate. Na majani yenyewe, mara nyingi, yalikuwa haya.

Sababu ni hesabu. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anahitaji kilo 70 hivi za majani mabichi kwa siku. Hekta moja ya mabingobingo yaliyotunzwa vizuri na kupewa samadi hutoa kati ya tani 20 na 40 za malisho makavu kwa mwaka, na nyasi chache zinafikia hapo. Yanakatwa yakiwa yamefika kiunoni au kifuani, kila baada ya wiki sita hadi nane. Ukiyaacha yakomae yanakuwa marefu na mzigo unakuwa mkubwa, lakini shina ni mti mtupu. Ng'ombe atachagua majani, atayaacha mashina chini ya hori, na maziwa yatapungua. Wafugaji wengi hupoteza hapo. Wanasubiri wingi, wanapata makapi.

Kwenye sehemu kavu zaidi za Kenya wakulima na watafiti walikuja na njia yenye jina la Kiswahili kitupu: tumbukiza. Badala ya mistari, unachimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na upana wa kiasi hicho hicho, unachanganya udongo wa juu na samadi, unatumbukiza vipande vitano hadi kumi vya shina, unafukia lakini unaacha shimo lisijae ili likusanye maji ya mvua. Shimo linashika unyevu wakati ardhi jirani imekauka. Kwa mmea unaopenda udongo mbichi, huko ni kuutengenezea kibonde chake mahali pasipo na bonde.

Nani anayebeba? Simama alfajiri kwenye njia yoyote inayopanda kutoka chini ya Mlima Kilimanjaro kwenda vihambani. Utasikia kwanza mkwaruzo wa majani, halafu utaona bunda linakuja lenyewe, limening'inia pande zote mpaka magotini, na chini yake miguu ya mama. Umande unachuruzika mgongoni mwake. Akifika nyumbani anashusha, anakatakata kwa panga juu ya gogo, kipande kwa kipande, vidole karibu na makali, kisha anaingia jikoni. Mashine ya kukatia majani ipo kwa wenye uwezo. Katika vitabu mfumo huu unaitwa kata na ulishe, na kwa sehemu kubwa mkataji na mlishaji ni mama huyo. Nikisoma taarifa inayosema kwamba mfumo wa bandani unapunguza kazi ya kuchunga, namfikiria yeye. Kazi ya kuchunga ilikuwa ya wavulana. Imepungua kwao, imeongezeka kwake.

Katikati ya miaka ya 1990 majani haya yalipata kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Huko Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, Zeyaur Khan na wenzake wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, wakishirikiana na John Pickett wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kumzuia funza anayetoboa shina la mahindi. Waliona kwamba nondo jike anayezaa funza huyo, giza linapoingia, huvutwa na harufu ya mabingobingo kuliko ya mahindi. Hutaga mayai hapo. Funza anapoanguliwa na kuanza kutoboa, shina hutoa utomvu wa kunata unaomgandisha, na wengi hufa kabla ya kukua. Basi mkulima anazungushia shamba lake mistari ya mabingobingo, na katikati ya mahindi anapanda desmodiamu, jamii ya kunde ambayo harufu yake huwafukuza nondo. Wakulima wa magharibi mwa Kenya waliiita vuta-sukuma. Baadaye ikagundulika, bila kutafutwa, kwamba mizizi ya desmodiamu hulizima pia kiduha, gugu linalonyonya mahindi kutoka mizizini. Uzio wa Kabaka umerudi kuwa uzio, safari hii wa kulinda ugali, na ukishakatwa unakwenda kwa ng'ombe.

Ninachokitaka msomaji akishike zaidi ya yote ni hiki kinachofuata. Mabingobingo hayapandwi kwa mbegu. Mbegu zake ni chache na dhaifu, kwa hiyo hupandwa kwa pingili au kwa kugawa shina lenye mizizi. Pingili hazinunuliwi dukani. Unakwenda kwa jirani, unasalimia, unaketi, na wakati wa kuondoka unapewa bunda la pingili. Hivyo ndivyo yalivyofunika nchi zetu, kwa ukarimu, na kwa njia hiyo hiyo ugonjwa umetufikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 katikati ya Kenya kulionekana ugonjwa wa fugwe: mmea unatoa suke kabla ya wakati, suke limejaa unga mweusi, na shina linakonda. Mwishoni mwa miaka hiyo, magharibi mwa Kenya, ukaja mwingine mbaya zaidi, wa kudumaa, ambao umeonekana pia Uganda na Tanzania. Unaletwa na kijidudu cha jamii ya fitoplasma kinachobebwa na mdudu mdogo arukaye juu ya majani. Ukikata mara ya kwanza huoni kitu. Ukikata mara ya pili, shina linachipua vijani vidogo vya manjano, vingi kama ufagio, visivyozidi goti. Baada ya muda kisiki chote kinakufa. Shamba lililolisha ng'ombe wawili linashindwa kulisha ndama.

Watafiti wa Kenya waliteua aina zinazostahimili, kama Kakamega 1 dhidi ya fugwe. Dhidi ya kudumaa hakuna dawa ya kunyunyiza itakayoponya kisiki kilichokwisha kuambukizwa. Kilichopo ni jicho la mfugaji. Ukiona shina moja lenye majani ya manjano na machipukizi ya ufagio, ling'oe lote na mizizi yake na ulichome. Usilitupe kwenye njia ya maji, na usiliache ukisema litapona mvua ikinyesha. Panga lililokata penye ugonjwa lisafishwe kabla ya kuhamia penye uzima. Na siku jirani atakapokuja kuomba pingili, usimpe kutoka kwenye bunda lililokatwa jana. Mpeleke shambani majani yakiwa yamechipua upya baada ya kukatwa, mkague kisiki kwa kisiki, kisha mkatie palipo pazima.